Mnaposema "Kagauni ka Mtoto Tu"

Nimeweka mkasi chini mwaka huu, baada ya macho kukataa kuliona tundu la sindano hata nikiisogeza dirishani. Mafundi wadogo wa mtaani kwetu Njoro, hapa Moshi, wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa enzi zangu. Nadhani wanategemea magauni ya maharusi na suti za wakubwa. Hayo hamtayapata hapa. Nitaandika habari za gauni la mtoto wa kike, lile rahisi la kuvaliwa pande mbili, na nitaandika nikiwa na hasira. Wiki iliyopita nilipita kwa mmoja wenu kuchukua mkoba wangu uliokatika mkanda, nikamsikia akimwambia msichana anayejifunza kwake, "Chukua hako, ni kagauni ka mtoto tu." Nilitoka bila mkoba. Nilikuwa nimeshasahau nilichofuata.

Mtu mzima ukimbana kwapani anarudi kesho yake na kelele zake, mtaa mzima unajua kwamba fundi fulani ameharibu. Mtoto harudi. Mtoto anajikuna, anajinyonganyonga, mama yake anamfinya atulie kanisani, jioni gauni linavuliwa na mtoto anaambiwa ana deko. Fundi hasemwi. Na kwa kuwa hasemwi, gauni la mtoto tunampa nani? Tunampa mwanafunzi wa wiki tatu, na uzi wowote uliobaki kwenye bobini. Nisiambiwe kwamba sijui, nimekaa kwenye kiti cha fundi miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu.

Mimi nilishuka kutoka Mwika nikiwa na miaka kumi na tisa, na mkungu wa ndizi ambao mama alisema lazima nimfikishie fundi, la sivyo nitaonekana sina kwetu. Fundi mwenyewe alikuwa Bi Zena, Mwislamu, mzaliwa wa Moshi mjini, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani mbili kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, kwa sababu alisema kila moja peke yake ilikuwa mvivu. Aliuangalia mkungu, kisha akaniangalia vidole.

"Umetoka kuchuma kahawa."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo hutangulia, mwanangu, lakini leo umebeba mzigo, nimekusamehe."

Wiki mbili za kwanza sikugusa kitambaa. Alinichania mifuko ya saruji, akachora mistari kwa penseli, akanikalisha kwenye cherehani isiyo na uzi nitoboe karatasi juu ya mstari. Cherehani ya miguu ina tabia yake: ukikanyaga vibaya inarudi nyuma, na kama ina uzi inaukata na kuusokota chini mpaka unatamani kulia. Nilitamani kulia bila hata uzi kuwepo. Kila nikimaliza karatasi, Bi Zena aliiinua kwenye mwanga wa mlango, akaangalia matundu yalivyojipanga, akasema "nyingine", na hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya siku.

Nilipoanza kushona nguo kweli, nilimpelekea gauni la kwanza la mtoto nikiwa nimelinyoosha vizuri, kola inang'aa. Hakuangalia kola. Alisema, "Nionyeshe ndani." Aliligeuza, akashika mshono wa kwapa, akaupitisha polepole kwenye mdomo wake wa juu, pale chini ya pua. Kisha akanivuta shati na kuupitisha shingoni kwangu.

"Unasikiaje?"

"Unakwaruza kidogo."

"Kidogo kwako. Ngozi yako imeshapigwa jua na majani ya kahawa. Huyu atakayevaa ana miaka mitatu. Fumua."

Nilifumua. Nilifumua magauni mengi mwaka ule kuliko niliyoshona, na usiku... hapana, nisijitie huruma. Nilikuwa nakasirika tu. Nilimwona kama ananionea.

Ni yeye aliyenifundisha gauni la pande mbili. Mtoto wa dada yake alikuwa na ngozi ya kuwashwa, kila mshono ulimtoa vipele, na Bi Zena akaona dawa ni kutengeneza gauni ambalo mishono yake yote imelala katikati ya vitambaa viwili, haigusi mwili upande wowote. Kuvaliwa pande mbili ilikuwa faida iliyokuja yenyewe. Akina mama waliipenda hiyo faida: upande mmoja wa Jumapili, upande wa pili wa sokoni. Bi Zena aliwaacha wafurahie, lakini kwake sababu ilikuwa ngozi.

Lishoneni hivi. Chagua vitambaa viwili vya pamba vyenye uzito sawa, uvifue kabla ya kukata, kwa sababu kimoja kikija kuruka, yaani kupungua, kuliko mwenzake gauni zima linajikunja. Kata mbele na nyuma kwa kila kitambaa, shepu ya kuachia, inabana kifuani na kufunguka chini. Mikanda ya mabega itoke nyuma, ipande begani, ifungwe kwa kifungo kifuani, ili mtoto ajifunge mwenyewe. Unga mbavu za kitambaa cha kwanza, unga za cha pili. Vitazamanishe nyuso kwa nyuso, kimoja ndani ya kingine, halafu shona shingo, mikanda na makwapa kwa mzunguko mmoja. Chini acha wazi. Punguza mshono, kata vijino kwenye mikunjo ili isivute, kisha geuza gauni lote kupitia chini. Piga pasi. Sasa pindo: kila kitambaa kikunje kuingia ndani, vidole vinne vizima, vikutane. Hicho ndicho kitambaa cha kukua, mwakani mama atakifungua. Mshono wa mwisho wa kuzunguka pindo unauona pande zote mbili, kwa hiyo weka uzi wa rangi ya upande huu juu na uzi wa rangi ya upande ule kwenye bobini. Vifungo vishone viwili viwili, mgongo kwa mgongo, kwa uzi mmoja.

Hapo kwenye kubadilisha uzi ndipo wavivu wanapojitokeza.

Bi Zena alipofariki, watoto wake waliniachia chumba na cherehani mbili. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, naitwa Mama Veva. Nilipokea wanafunzi wangu mwenyewe na nikawatesa kwa mifuko ya saruji kama nilivyoteswa. Aliyefanya vizuri kupita wote alikuwa Joyce, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mpole, mwenye mkono mwepesi. Baada ya miaka miwili kwangu alikuwa anakata suruali bila kuchora, jambo ambalo nililikataza hadharani na kulionea fahari kimoyomoyo.

Mwaka huo, Desemba ikiwa bado changa, alikuja bibi mmoja wa Mwika, Bibi Ndeshi, ninayemfahamu tangu utoto kwa kuwa kihamba chao cha migomba kinapakana na cha mjomba wangu. Alimleta mjukuu wake wa miaka sita, Aika, amefungwa khanga shingoni kama mtoto anayetoka kuoga. Joyce hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua vifungo. Bibi aliifungua khanga ile taratibu. Mwezi wa Julai sufuria la mtori unaochemka lilikuwa limempindukia mtoto. Bega la kushoto, shingo upande huo, na sehemu ya mgongo vilikuwa kovu tupu, jekundu, limeinuka, ngozi yake nyembamba kama utando wa maziwa. Hospitali walishamruhusu. Kilichobaki ni kwamba Aika alikataa nguo. Kila walichomvalisha kilimchoma, kwa hiyo tangu Julai alikuwa anakaa na khanga.

"Januari anatakiwa aanze darasa la kwanza," Bibi Ndeshi aliniambia. "Huko hawapokei mtoto wa khanga. Nataka azoee nguo moja kwanza, ya Krismasi. Akiipenda hiyo, na sare atavaa. Akiikataa hiyo, mwanangu, mimi sijui nitamfanyaje, na baba yake ameshaanza kusema basi akae nyumbani."

Alikuwa na pamba nyeupe na kitambaa chepesi cha maua ya bluu. Nilimpima Aika mwenyewe bila futi kugusa kovu. Hakulia. Alinikazia macho muda wote kama askari wa getini. Nilimwambia bibi yake, na maneno haya nayakumbuka vizuri mno: "Hili nitalishona mimi, kwa mkono wangu." Niliandika vipimo kwenye kikaratasi, nikakibandika kwa pini juu ya vitambaa, nikaviweka rafuni.

Mnaijua Desemba ya Moshi. Kila aliyehamia Dar, Mwanza, na kule wanakokujua wenyewe, anapanda kuja kwao, na siku hizi kupanda hakutoshi, lazima ukoo mzima upande na kitenge cha aina moja. Nilikuwa na ukoo mmoja wa watu ishirini na wawili. Kijana wao mkubwa alinitumia picha za mishono kwenye simu, asubuhi shingo ya duara, mchana shingo ya pembe, jioni ananiuliza kama tunaweza kuweka mabawa mabegani. Mabawa! Shangazi yake alitaka mkono mmoja tu, ule mwingine uwe wazi, na alikuwa na miaka sabini. Nilishona mabawa. Niliwachekea wote, nikawaitikia "sawa mpendwa", nikawakatia na kuwapimia mara ya pili, kwa sababu wakubwa wakikasirika wanasema.

Tarehe ishirini na mbili niliuona mzigo wa Aika rafuni. Nikaunyanyua, nikamrushia Joyce bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Malizia na hili. La pande mbili."

"La lini, mama?"

"Kesho kutwa asubuhi linapelekwa stendi. Usikae nalo sana, ni kagauni ka mtoto tu."

Ndiyo. Nimeandika, na mmesoma sawasawa. Ni mimi niliyesema.

Joyce alikuwa na mizigo mingine sita. Akalishona kwa njia ya mkato: akalaza vitambaa mgongo kwa mgongo, akapitisha ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi kufumuka, ukingoni mwote, akakunja kidogo na kufunga kwa uzi wa nailoni, ule usio na rangi niliokuwa nimenunua kwa ajili ya mapazia ya ukumbi. Uzi ule hauonekani kwenye bluu wala kwenye nyeupe, kwa hiyo hakuwa na haja ya kubadilisha. Kwa macho gauni lilipendeza. Nililiona likikunjwa, nikasema "safi sana", nikarudi kwenye mabawa. Sikuligeuza. Sikulipitisha mdomoni. Mjukuu wa jirani alipeleka mzigo stendi, ukapanda Mwika.

Siku mbili baada ya Krismasi Bibi Ndeshi alisimama mlangoni kwangu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, habari za mwaka unaoisha, akakubali kiti. Ndipo akatoa kifurushi cha gazeti.

"Nimekurudishia, mama. Labda litamfaa mtoto mwingine."

Ndani ya gauni, mgongoni kuelekea kwapa la kushoto, palikuwa na doa la damu iliyokauka, kubwa kama jani la mchicha. Ncha za nailoni zilikuwa zimesimama pale ukingoni, ngumu, kama mswaki. Mtoto alikuwa amevumilia mpaka mahubiri, alinisimulia bibi yake. Alikaa kimya kwa sababu aliambiwa kanisani hakuna kulia, mpaka mama wa benchi la nyuma alipoona upande mweupe unabadilika rangi. Tangu siku hiyo hataki hata kuiona nguo ikianikwa.

"Sikulaumu," Bibi Ndeshi akasema, na kwa kweli alikuwa hanilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini.

Alipoondoka nilimgeukia Joyce. Wateja walikuwepo, sikujali. Nililitupa gauni mezani, nikamwambia ni mlipuaji wa kazi, nikamwambia ana roho mbaya, nikamwambia Bi Zena angemchapa kwa futi. Nilimwuliza nani alimfundisha kumshonea mtoto kwa uzi wa mapazia. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, si ulisema ni kagauni ka mtoto tu?"

"Unanijibu?"

"Sikujibu, mama. Nakumbusha."

Nilimfukuza palepale. Alichukua mkasi wake na leso yake, akaniaga kwa heshima, akaenda. Na mimi siku zilizofuata niliusimulia mtaa wa Njoro jinsi vijana wa siku hizi walivyo: hawana uchungu na kazi, wanataka haraka, akili zote kwenye simu. Kila aliyekuja kuchukua nguo alipewa hadithi hiyo kabla ya nguo yake. Nilikuwa nimekasirika kweli, msidhani naigiza. Hasira ilinifanya nijione msafi.

Usiku wa kuamkia... la, ilikuwa mchana, nilifunga mlango mchana kweupe, nikafukuza wateja. Nilikata upya. Nilinunua pamba ya zamani iliyofuliwa mara nyingi, nyeupe na ya maua, laini kama shuka la hospitali. Bega la kushoto sikuweka mkanda kabisa. Nililikata pana, lipite juu ya kovu bila mshono hata mmoja, kifungo kikae mbali, kifuani upande wa kulia. Mishono yote katikati. Vijino nilivikata kimoja kimoja. Nililipitisha mdomoni, shingoni, kwenye kope za macho. Tarehe mbili Januari nikapanda nalo Mwika mwenyewe.

Nilimkuta Aika nje ya jiko, kwenye kigoda, na khanga yake. Bibi Ndeshi alikuwa anamenya ndizi.

"Aika, msalimie mgeni."

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuletea gauni."

"Sivai."

"Hili si lile. Lile halikuwa zuri. Hili nimelishona mimi mwenyewe."

Aliliangalia mkononi mwangu bila kusogea. "Lile alishona nani?"

"Mwanafunzi wangu. Nimeshamfukuza." Nilisema kwa sauti ya kumfurahisha, nikitegemea atabasamu.

"Kwa nini umemfukuza?"

"Kwa sababu alikuumiza."

Aliivuta khanga kidogo, akaliangalia bega lake kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo.

"Alikuwa anajua nimeungua?"

Bibi Ndeshi aliacha kumenya. Nilikumbuka kikaratasi: shingo, kifua, urefu, namba tupu. Nilikumbuka nilivyourusha ule mzigo.

"Hapana," nikasema.

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi umemwonea," akasema Aika.

Bibi yake alitaka kumkemea, nikamzuia kwa mkono. Mtoto alikuwa ameshasimama. Aliifungua khanga, akaiweka juu ya kigoda, akainua mkono wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ulikuwa bado haufiki juu.

"Nivishe. Upande wa maua."

Nilimvisha. Alitembea mpaka kwenye migomba akarudi, akaenda tena, akarudi. Hakusema ni zuri. Aliuliza tu kama anaweza kulala nalo. Januari ile alianza darasa la kwanza na shati la sare nililolifanyia bega lilelile, na sasa yuko sekondari, mrefu kuliko bibi yake.

Joyce alifungua chumba chake Bomang'ombe, karibu na soko. Nimepita pale kwenye basi la Arusha mara nyingi, nimekiona kibao chake, na mara zote nimejitia naangalia upande wa pili. Mtaa wa Njoro bado unaijua hadithi ya yule msichana mlipuaji, kwa sababu niliisambaza vizuri na sijawahi kuzunguka nyumba kwa nyumba kuirudisha. Ndiyo maana nimekubali kuandika. Ninyi mnaopeana haya kwenye simu zenu, yafikisheni Bomang'ombe.

Joyce, mtoto alikuwa ameungua bega la kushoto. Nilijua tangu siku niliyompima. Sikukwambia.